REBEKA NA NGAMIA KUMI: KUMTUMIKIA ASIYEWEZA KUKULIPA

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Mwanzo 24:10–20, Mithali 12:10, Yona 4:11, Luka 16:19–21

  

Leo nitaanza na toba. Nimezoea kuwaita ninyi mje mbele mtubu. Leo mchungaji ndiye anatubu, na anatubu akiwa amesimama hapa hapa alipokosea.

Wengi mnakumbuka. Ilikuwa wakati wa matangazo. Dada mmoja wa kwaya alisimama akaomba dakika mbili. Akasema kaunti inaleta chanjo ya mbwa katika wadi yetu siku ya Jumamosi, na watu wa mifugo ni wachache, wanahitaji vijana wa kujitolea. Wengine washike mbwa, wengine waandike kadi, wengine wapite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Akauliza, je, vijana wa kanisa wanaweza kusaidia?

Nikachukua maikrofoni. Nikasema, "Dada, Ufunuo 22:15 inawaweka mbwa nje ya mji. Wewe unataka kuwaingiza ndani?" Kanisa likacheka. Mimi nikacheka zaidi. Nikaongeza, "Watu wana njaa Nyalenda, sisi tuhudumie mbwa?" Mkapiga makofi. Yule dada akaketi, akatazama miguu yake.

Jumamosi ile alienda peke yake.

Wapendwa, nilitumia Neno la Mungu kumwaibisha mtu aliyekuja kuomba kutumika. Na andiko lenyewe nililitumia vibaya. Lisome mwenyewe mpaka mwisho wa mstari, uone Yohana anaorodhesha wachawi, wauaji na wapenda uongo. Anazungumza habari za watu na mioyo yao. Hazungumzi habari za yule mnyama aliyelala nje ya kibanda cha samaki. Nililijua hilo. Nimelisomea. Lakini utani ulikuwa mtamu kuliko ukweli.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Nyuma ya jikoni yangu kulikuwa na mbwa. Watoto walimwita Simba. Mimi sikumwita chochote. Nilimfunga mnyororo chini ya mwembe akiwa mdogo, kwa sababu nilitaka wezi wasikie sauti. Alikula ukoko wa ugali na mifupa ya mbuta tukikumbuka. Siku tusipokumbuka, hakula. Maji yake yalikuwa kwenye kopo la rangi, na mvua ndiyo iliyolijaza. Chanjo hakupata hata moja. Na mimi, jamani, nilikuwa nahubiri juu ya rehema kila Jumapili.

Wiki chache baada ya utani wangu, Simba alibadilika. Akaacha kula. Akawa anauma mnyororo. Sauti yake ikakauka, ikawa ya ajabu. Mimi nikasema labda ana minyoo. Jioni moja kijana wangu wa miaka tisa akampelekea chakula, kwa sababu yeye ndiye aliyemhurumia katika nyumba ile. Simba akamuuma mkono.

Mama watoto akakimbia kuchukua majivu apake. Jirani akasema tupake pilipili. Mimi nilisimama tu, nikikemea. Nilikemea kwa sauti kubwa, mtaa mzima ulisikia. Halafu binti yangu mkubwa, bila kuniuliza, akampigia simu yule dada.

Dada hakusema, "Pasta, si ulinicheka?" Alisema maneno sita: "Sabuni, maji, dakika kumi na tano." Akasema tusipake kitu chochote. Tufungue maji yatiririke juu ya kidonda, tusugue na sabuni ya kawaida, robo saa kamili kwa saa, halafu hospitali usiku huo huo, tusingoje asubuhi. Akaja na bodaboda, akatukuta tunaosha. Hospitali ya kwanza tulikofika tukaambiwa chanjo imekwisha. Tukaenda ya pili, ikapatikana. Mtoto akachomwa sindano ya kwanza usiku ule, nyingine siku ya tatu, nyingine siku ya saba, akaendelea hivyo mpaka akamaliza.

Simba alikufa siku ya pili, akiwa bado kwenye mnyororo wangu. Watu wa mifugo walichukua sampuli. Majibu yalikuja: kichaa cha mbwa.

Mtoto wangu yuko pale, shule ya Jumapili, mnamsikia akipiga kelele. Utukufu kwa Bwana! Lakini leo nataka mjue Bwana alimtumia nani. Alimtumia mtu niliyemcheka, kwa elimu aliyoipata kwenye huduma niliyoidharau.

Fungua pamoja nami Mwanzo 24.

Ibrahimu amezeeka. Anamtuma mtumishi wake aende mbali, akamtafutie Isaka mke. Yule mtumishi anafika kisimani jioni, wakati wanawake wanatoka kuteka maji. Ana ngamia kumi. Anaomba. Angalia anachoomba, kwa maana ni ombi la ajabu. Haombi msichana mrembo. Haombi msichana wa ukoo mkubwa. Anamwambia Mungu: nitamwomba msichana maji ya kunywa, na yule ambaye ataninywesha mimi na kujitolea kuwanywesha ngamia pia, huyo ndiye uliyemchagua.

Mnaona? Alama ya bibi arusi ilikuwa jinsi atakavyowatendea wanyama wa mgeni.

Rebeka anakuja na mtungi begani. Mtumishi anamwomba maji kidogo tu. Kwa ajili yake mwenyewe. Hakusema neno juu ya ngamia. Rebeka anampa, halafu yeye mwenyewe, bila kuombwa, anasema atawatekea na ngamia mpaka watosheke. Na mstari wa 20 unasema alikimbia. Alikimbia kurudi kisimani!

Akina mama wa hapa mnajua maji. Mnajua jerikeni ya lita 20 inavyokata vidole mfereji ukikauka. Sasa nisaidieni hesabu. Ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Hizo ni jerikeni tano. Ngamia ni kumi. Hizo ni jerikeni hamsini! Hata tukisema hawakuwa na kiu sana, tukate nusu, bado ni jerikeni ishirini na tano. Hakuna mkokoteni. Hakuna punda. Hakuna bomba. Ni msichana mmoja, mtungi mmoja, na kushuka na kupanda kisimani mpaka giza linaingia. Na wanaume waliokuja na ngamia wamesimama wanaangalia.

Mwambie jirani yako: jerikeni hamsini. (Kanisa likasema: jerikeni hamsini!)

JAMBO LA KWANZA: HUDUMA YA KWELI HAIJUI KAMA INATAZAMWA

Rebeka hakujua kuna mtu ameomba. Hakujua anapimwa. Kama angejua kuna dhahabu kwenye mfuko wa yule mzee, kila msichana wa mji ule angekimbia na mtungi. Mtihani ulikuwa wa kweli kwa sababu haukutangazwa.

Ngamia hasemi asante. Ngamia hatoi ushuhuda Jumapili. Ukimnywesha mtu, kesho anaweza kukusalimia sokoni, anaweza kukupigia kura, anaweza kusema, "Huyo mama ni mtu wa Mungu." Ukimnywesha ngamia anageuza kichwa anaendelea kutafuna.

Wapendwa, tuseme ukweli. Huduma nyingi tunazofanya zina risiti. Tunapeleka unga kwa wajane, picha kumi na mbili. Tunaenda hospitali kuombea wagonjwa, lazima t-shati ziwe za rangi moja. Sisemi ni vibaya. Unga umeliwa, Mungu abarikiwe. Lakini moyo wako utaujua siku unayomtumikia asiyeweza kukushukuru, mahali pasipo na mtu wa kukupigia makofi.

Yule dada alifanya kazi Nairobi kwa miaka mitatu. Kila Jumamosi alikuwa anaenda kujitolea KSPCA, lile shirika la kuwatunza wanyama lililoko Karen. Ni shirika la zamani, mizizi yake inafika mwaka 1910. Wanapokea mbwa na paka waliotupwa, waliopigwa, waliogongwa na magari, na punda pia. Nilimwuliza, "Ulikuwa unafanya nini huko?" Akasema, "Pasta, nilikuwa naosha vinyesi." Akacheka. Kuosha vizimba, kuosha sahani, kuwatembeza mbwa, kurudi nyumbani na matatu ukinuka, abiria wakihama kiti.

Akanihadithia juu ya mbwa mmoja aliyeletwa akiwa ameteswa. Alikaa kwenye kona ya kizimba akiutazama ukuta. Mtu akiingia, anatetemeka na kujikojolea. Dada akafundishwa asimguse, asimwite, asimkodolee macho. Aketi tu sakafuni, ampe mgongo, asome kitabu chake, halafu aondoke. Jumamosi ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne, hakuna. Jumamosi ya tano alihisi kitu kizito juu ya kiatu chake. Mbwa alikuwa ameweka kidevu.

Niliposikia hayo, nililia. Nilijiuliza, ni wangapi katika kanisa hili wamekaa wakiutazama ukuta? Mama aliyepigwa. Kijana aliyetoka jela ya Kodiaga. Msichana aliyepata mimba shuleni, tukamtoa kwenye kwaya. Sisi tunawaendea na sauti kubwa, mikono juu ya kichwa, "Pokea!" Wasipopokea siku hiyo, tunasema wana pepo la ukaidi. Nani kati yetu ana Jumamosi tano za kuketi sakafuni?

Yule dada anazo. Ndiyo maana akina dada wenye uchungu wanamwendea yeye kwenye kibanda chake cha kusuka nywele kule Kondele kabla hawajanijia mimi ofisini. Nilikuwa nashangaa kwa nini. Sasa najua alisomea wapi.

JAMBO LA PILI: REHEMA HAINA MIFUKO MIWILI

Nilisema siku ile, "Watu wana njaa, sisi tuhudumie mbwa?" Lile ni swali zuri likitoka kwa mtu anayewalisha watu. Lakini mimi Jumamosi ile sikulisha mtu. Nilikaa nyumbani nikaangalia mpira. Kumbukeni Yuda kule Bethania, katika Yohana 12. Naye alitetea maskini wakati mafuta yanamwagwa, na Yohana anatuambia shida yake haikuwa maskini.

Tunafikiri rehema iko katika mifuko miwili, kwamba ukitoa kwa mnyama unapunguza ya mtu. Biblia haijui mambo hayo. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Haisemi mwenye huruma nyingi za ziada. Inasema mwenye haki. Nenda Kutoka 23:5, ukute punda ameanguka chini ya mzigo, tena punda wa mtu anayekuchukia. Mungu anasema usimpite, msaidie. Ule mzigo unaposhikwa na watu wawili waliokuwa hawasalimiani, punda anasimama, na labda na urafiki unasimama. Nenda Hesabu 22, uone nabii Balaamu akimpiga punda wake mara tatu, na swali la kwanza la malaika wa Bwana likawa juu ya yale mapigo. Vijana wa mikokoteni ya maji mnaonisikiliza, shusheni hiyo fimbo. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama. Lakini kabla ya Sura ya 360 kulikuwa na Hesabu 22.

Na Yona! Yona amekasirika nje ya Ninawi, anataka mji uteketee. Mungu anamhesabia sababu za kuuhurumia: watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wao wa kulia na wa kushoto. Tungetarajia kitabu kiishie hapo. Mungu anaongeza: na wanyama pia, wengi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu kizima. Neno la mwisho la Mungu kwa nabii mwenye hasira ni kwamba Yeye anawaona mpaka mifugo iliyoko mjini.

Kwa hiyo ukiuliza, "Watu au wanyama?" Mungu anajibu kama alivyomjibu Yona. Amewataja wote katika sentensi moja.

Na hapa kwetu nyumbani, huo si mfano tu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Kwa nini watoto? Kwa sababu ndio wanaowapelekea mbwa chakula. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika nchi yetu, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa upande huu huu wa Ziwa Victoria. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini ukiwachanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Serikali imeweka lengo la kumaliza vifo hivi ifikapo 2030.

Sasa niambieni, yule dada aliyeenda peke yake Jumamosi kushika mbwa wa Nyalenda, alikuwa anahudumia mbwa au anahudumia watoto wenu? Sindano iliingia kwenye shingo ya mbwa. Aliyeokoka ni mtoto wa mama fulani ambaye hatajua kamwe kwamba alikuwa hatarini. Mbwa wangu tu ndiye hakuchanjwa, kwa sababu mwenye mbwa alikuwa na andiko.

Na tena tuna unafiki mmoja katika mji huu. Tunachanga pesa, tunawapeleka watoto Impala, pale karibu na ziwa. Eneo lile lilitengwa mwaka 1992 kulinda swala. Tunasimama nje ya uzio, tunasema, "Tazama chui, Mungu ni mkuu!" Tunatoka langoni, tunaokota jiwe, tunampiga mbwa aliyelala barabarani. Chui tunamlipia kiingilio. Mbwa ni wa bure, basi hana thamani. Wapendwa, aliyewaumba ni mmoja.

JAMBO LA TATU: UTAKUTA WATU WA MUNGU MAHALI USIPOTARAJIA

Chanjo ilipokuja tena, nilienda. Sikuvaa suti. Nilimwambia dada, "Nipe kazi." Akanitazama, akasema, "Pasta, wewe andika kadi. Bado hujajua kushika." Nikaketi kwenye dawati la mtoto katika uwanja wa shule, magoti yakigusa kidevu, nikaandika.

Jina la mwenye mbwa. Jina la mbwa. Rangi. Dume au jike. Mbwa walioitwa Simba walikuwa saba. Kila nilipoandika Simba, mkono ulikuwa mzito. Halafu akaja mtoto mmoja na mbwa mweusi, nikauliza, "Anaitwa nani?" Akajibu bila aibu, "Pasta." Nikaandika: Pasta, mweusi, dume. (Kanisa likacheka.) Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu anabweka sana." Nikasema, Ruoth, nimesikia.

Alikuja mvulana wa gredi ya tatu kutoka Dunga. Mbwa wake alimfunga kwa kipande cha wavu wa kuvulia samaki kilichosukwa kama kamba. Viatu hakuwa navyo. Aliniambia alikuwa amemnyima mbwa chakula cha asubuhi. Nikataka kumkemea. Akasema, "Hapana, nilimpa changu tukifika hapa, ili asichoke kurudi." Aligawana mandazi moja. Mtoto ambaye sisi tungemhesabu kati ya watu wenye njaa wa Nyalenda, wale niliowatumia kama hoja yangu, ndiye aliyekuwa anahudumia mbwa. Maskini niliyekuwa namtetea hakukubaliana nami!

Alikuja mzee mvuvi, mbwa wake amezeeka kama yeye. Akasema usiku wakiwa ziwani mbwa huyo humngoja ufuoni, na asubuhi mashua ikikaribia ndiye wa kwanza kuingia majini. Watoto wake wako Nairobi, hawapigi simu. Akasema, "Pasta, huyu ndiye anayenihesabu kama nimerudi."

Nikakumbuka Luka 16. Tajiri anakula kila siku. Lazaro amelala mlangoni pake na vidonda. Nani alimkaribia Lazaro? Haitajwi sinagogi. Hatajwi mchungaji. Wanatajwa mbwa. Nimehubiri habari ya Lazaro mara nyingi, na siku zote niliwaweka mbwa upande wa mateso yake. Siku ile uwanjani niliuliza swali tofauti: itakuwaje, Bwana, kama mlangoni pa yule tajiri mbwa ndio pekee waliosimama karibu na mtu?

Kabla hatujafunga, niseme neno la tahadhari, nisije nikaeleweka vibaya. Mnyama hakuumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwanadamu ameumbwa hivyo. Yesu hakumfia mbwa. Kama unampikia mbwa wako nyama na mfanyakazi wako wa nyumbani anakula ugali kwa chumvi, usinitumie kama ushahidi. Huyo hajampenda mnyama, amempenda yeye mwenyewe kwa umbo la mnyama. Lakini mfano wa Mungu ulioko ndani yako, mahali pa kwanza unapoonekana ni hapo: Mungu alimpa Adamu bustani na viumbe avitunze. Ukitaka kujua tajiri atawatendeaje wafanyakazi, tazama anavyomtendea asiye na mdomo wa kulalamika.

WITO

Dada yuko pale, upande wa kwaya, safu ya tatu. Jina sitalitaja, amenikataza. Dada, mbele za kanisa hili nililolichekesha kwa aibu yako, naomba unisamehe. Nilikuwa na maikrofoni na wewe ulikuwa na haki. (Dada alisimama. Akasema, "Pasta, nilishakusamehe usiku ule tukiosha mkono." Kanisa lilisimama.)

Na ninyi mliocheka kwa sababu mchungaji alicheka, hiyo nayo ni toba. Msinifuate ninapokosea.

Sasa tufanye nini? Mambo manne, ya wiki hii.

Kwanza, nenda nyuma ya nyumba yako. Kama kuna mnyororo, mfungue mbwa atembee, mpe maji safi na kivuli. Leo, kabla hujala chakula cha mchana.

Pili, ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti siku ya chanjo ijayo. Kanisa litatangaza, na safari hii mchungaji hatakuwa na utani. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Nataka vijana wetu wawe uwanjani.

Tatu, wafundishe watoto. Akiumwa au akikwaruzwa, aseme mara moja, asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Hakuna majivu, hakuna pilipili. Hospitali siku hiyo hiyo. Tutaomba tukiwa njiani. Maombi na sindano havigombani.

Nne, jitolee mahali pamoja ambapo hakuna atakayekushukuru. Kwako labda si mbwa. Labda ni mzee aliyepoteza akili ambaye hatakumbuka kwamba ulimwosha. Labda ni kusafisha vyoo vya kanisa. Tafuta ngamia wako, na ukimpata, kimbia kama Rebeka.

Tuinamishe vichwa.

Baba, uliyewahesabu watu wa Ninawi ukawahesabu na wanyama wao, tusamehe. Tumepita vinywa visivyoweza kuomba tukadhani hawana kiu. Tupe mikono ya Rebeka, na miguu yake. Wabariki wanaotumika pasipo makofi. Linda watoto wa mji huu, kuanzia Obunga mpaka Dunga. Na utakapokuja kutafuta bibi arusi wa Mwanao, utukute kisimani, na mtungi ukiwa begani. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Yule mtumishi angeweza kuomba alama nyingine yoyote. Kwa nini, kwa maoni yako, aliomba ile ya ngamia?
2. Kuna mtu ambaye huduma yake umeidharau kwa sababu hukuielewa? Utamwambia nini wiki hii?
3. Ni nani "anayeutazama ukuta" katika mtaa wenu? Nani kati yenu anaweza kumpa Jumamosi tano?
4. Hesabuni mbwa walio katika boma za washiriki wenu. Ni wangapi wamechanjwa? Leteni hesabu kwa katibu wa vijana kabla ya Jumapili ijayo.